Mguu Uliotangulia Nyumbani

Kisa chote kilianza na kijiwe. Mama alivaa gambuti zake asubuhi, akashuka kwenye chai yetu hapa Nyamira, akachuma mpaka kikapu kikajaa, akapeleka majani kituoni, akarudi kupika. Jioni alipovua gambuti, kijiwe kikadondoka sakafuni. Kilikuwa kimemchimba unyayo kutwa nzima, soksi imelowa damu, naye hakuwa amesikia lolote. Ugonjwa wa sukari ulishaziua nyayo zake zamani. Ungeweza kumkanyaga akaendelea kukusimulia habari za jirani.

Mtu mwingine angepiga simu. Mama yangu? Wapi! Alifunga kitambaa, akaendelea kuchuma chai. Mimi nafundisha kemia na biolojia katika shule moja karibu na Keumbu, si mbali hata kidogo, lakini wa mwisho kuambiwa nilikuwa mimi. Aliyenipigia ni jirani yetu, mama mmoja Msabato asiyejua kuzungusha maneno. "Mwalimu," akasema, "njoo umtazame mama yako. Mguu unanuka."

Kule hospitalini Kisii, daktari alifungua kitambaa, akavuta kiti akaketi. Daktari akivuta kiti huwa najua. Alikuwa kijana mpole, na aliongea na Mama kwa heshima zote, lakini hakupamba maneno. Lilikuwa donda ndugu. Mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi, kwa sababu sumu ikishaingia kwenye damu hakutakuwa na cha kukata tena. "Ni mguu au uhai, mama," akasema.

Mama aliutazama mguu, akamtazama daktari, kisha akatazama nje dirishani kwa muda mrefu. "Tusali kwanza," akasema.

Sala hiyo ilichukua majuma.

Lazima nieleze sisi ni nani. Sisi ni Wabahai. Katika kijiji cha Wasabato na Wakatoliki, sisi ndio tunaoulizwa mwaka nenda mwaka rudi kama hiyo ni dini ya Wahindi. Aliyeileta nyumbani ni Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, na alichokipenda zaidi ndani yake ni kwamba haikumtaka aikimbie shule. Tunafundishwa kwamba dini ikikataa sayansi imegeuka ushirikina. Tunafundishwa kwamba mgonjwa anasali na anakwenda kwa daktari anayeijua kazi yake, yote mawili, bila kuchagua. Miujiza hatuikani, lakini hatuifanyi hoja. Aliyeiona ni yake, asimpige nayo mwingine kichwani. Nilipoanza kufundisha nilijiona nina bahati kubwa. Walimu wenzangu walikuwa wakibabaika wakifika kwenye mada ya mageuzi ya viumbe. Mimi nilikuwa nafundisha huku napiga mluzi.

Lakini Tata alikuwa na kisa kimoja alichokipenda kupita vyote. Ni kile cha Mtangulizi wa imani yetu alivyofungwa kamba ukutani kule Uajemi, kikosi kizima kikamlenga na kufyatua risasi. Moshi ulipoondoka hakuwapo. Risasi zilikuwa zimekata kamba tu. Walimkuta chumbani kwake ameketi, anamalizia mazungumzo waliyokuwa wamemkatiza. Wakamrudisha ukutani, kikosi kingine kikaletwa, na mara hiyo wakamuua.

Nilikuwa mtoto mbishi. Nikamuuliza Tata, kama Mungu aliweza mara ya kwanza, mara ya pili alishindwa nini?

"Alikuwa hajamaliza kuzungumza," Tata akasema. "Alipomaliza, akaenda."

Nilimwona baba yangu ana akili kuliko watu wote duniani. Miaka ikapita, Tata mwenyewe akashikwa na saratani ya koo, na kitu cha kwanza ilichomnyang'anya ni kuzungumza. Nilimsomea sala yetu ndefu ya uponyaji, ile yenye kiitikio kinachorudi na kurudi mpaka ulimi unakizoea. Wauguzi walikuwa wakisimama mlangoni kusikiliza. Nilisoma vizuri sana, jamani, na Tata akafa vile vile, ana mambo chungu nzima ya kusema na hawezi kusema hata moja. Alifia Kisii. Tulimwosha, tukamvika kitambaa cheupe, tukamrudisha nyumbani akazikwa kando ya migomba, kwa sababu kwetu mwili hauchomwi, na haupelekwi mbali kupita mwendo wa saa moja kutoka mtu alipofia.

Tangu siku hiyo sikuisoma tena sala ile. Kwenye mikutano yetu ikifika zamu yake nilikuwa nampa mtu mwingine kitabu, najifanya nakohoa. Sikuacha kuamini. Nilikasirika tu, vile mtu anavyomkasirikia jamaa yake wa karibu: hamsemezi, lakini hahami.

Sasa Mama amelala pale, mguu unaoza, na kila daktari akija na karatasi ya kutia sahihi anasema, "Tusali kwanza." Na akinigeukia mimi ananiambia, "Nisomee ile ndefu." Nami natafuta sababu ya kutoka nje.

Basi sote tukajua anangoja muujiza. Kwani mtu angeelewa nini kingine? Nilituma habari kwenye kundi letu la Wabahai la WhatsApp, na sala zikaanza kumiminika kutoka kila pembe, watu wema kabisa, kila mmoja na maneno matamu. Kila simu ilipolia nilitamani kuitupa ukutani. Kaka yangu naye, anayeuza vitambaa Ogembo na ambaye alibatizwa Usabato alipooa, akaliambia kanisa lake. Wakafunga na kuomba. Sabato ikafika wakaja wodini, wanawake kwa wanaume, wakaimba vizuri mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalia. Mzee mmoja akasimulia habari za mwanamke aliyekuwa akatwe mguu vile vile, akaombewa, nyama ikarudi nyekundu.

Nilimvuta kaka yangu mpaka kwenye veranda. "Huyo mwanamke wewe unamjua?"

"Simjui. Lakini ushuhuda ni ushuhuda, dada."

"Na wale walioombewa wakafa, ushuhuda wao anautoa nani?"

"Ai, dada! Hata wewe si dini yako inaamini miujiza? Nyinyi si ndio wenye mtu aliyekoswa na risasi?"

Nikamwambia arudi Ogembo akapime vitambaa vyake. Akaniambia mimi shida yangu si sayansi, shida yangu ni kwamba nilimuomba Mungu mara moja akaninyima, nikanuna. Haki, nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumzaba kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilikuwa silali vizuri, sili vizuri. Darasani nilikuwa nachora moyo ubaoni, mishale ya damu ikienda huku na huku, na kichwa chote kiko Kisii. Niliona nimenaswa. Ili kumwokoa mama yangu ilinibidi nimwambie kwamba Mungu hatafanya lolote. Na nikimwambia hivyo, nimempokonya kitu pekee kilichokuwa kimemshikilia tangu Tata aende. Nikinyamaza, anakufa. Nilijaribu kuzunguka, nikamweleza habari za bakteria na mishipa iliyoziba. Alinisikiliza kwa adabu, akatazama dirishani, akaniuliza kama chai imepogolewa.

Siku maji yaliponifika shingoni, daktari alikuwa amenikuta mlangoni akaniambia homa imeanza kupanda. Sumu inaingia. Ilikuwa saa ya wageni, mchana, wodi imejaa watu na vyombo vya chakula. Niliingia na uji wa wimbi mkononi. Mama uso ulikuwa unang'aa kwa jasho.

"Mwalimu," akasema, "leo utanisomea?"

Niliuweka uji chini kwa kishindo. "Mama, Mungu hatakufanyia muujiza!" Sauti niliyoitoa haikuwa ya hospitalini. "Hakumfanyia Tata, na wewe hatakufanyia! Mguu umekufa. Nyama iliyokufa haifufuki. Unasali, unasali, na unakufa huku tunakutazama!"

Yule wa kitanda cha pili aliacha kijiko mdomoni. Nilingoja alie, au anifukuze.

"Umemaliza?" Mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Kwani nani alikuambia nangoja muujiza?"

Nilimkodolea macho. "Si wewe kila siku unasema tusali?"

"Nasema tusali. Mtu akiogopa afanye nini, aimbe?" Akainua kidole, akaonyesha dirishani. "Unaona ule moshi?"

Nyuma ya wodi kulikuwa na bomba refu la moshi, na lilikuwa linatoa moshi mwembamba wa kijivu. Nilikuwa nimeliona kila siku bila kuliona.

"Nilimuuliza yule mama anayepiga deki," Mama akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Akaniambia kule ndiko wanakochoma vitu walivyowatoa watu. Mguu wangu, mwanangu. Mguu huu ndio uliopanda na kushuka kwenye chai mpaka mkasoma nyote wawili. Niuache uchomwe na bandeji na uchafu wa watu? Mimi kwetu hatuchomwi. Nife siku yangu, nusu yangu ilale na Tata yenu, nusu nyingine ilishakuwa moshi wa Kisii? Yaya, hapana, nimekataa."

"Mama! Si ungesema!"

"Niseme nini? Wewe ni mtu wa sayansi. Ungenicheka."

"Ningekucheka kweli," nikasema, na nikacheka, na katikati ya kicheko nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kwa sauti mbele ya watu wote wale. Wueh! Majuma yote yale nagombana na Mungu kwenye veranda, kanisa zima limefunga Ogembo, simu yangu imejaa sala, na neno lenyewe lilikuwa bomba la moshi.

Daktari alipoambiwa alishangaa. "Ni hilo tu? Watu huchukua, mama. Mnatia sahihi, mnaondoka nao." Mama akaomba kalamu hapo hapo, kabla hajafuta jasho.

Walimkata, akapona. Hivyo tu. Sala, dawa, kisu, sijui ni kipi kilifanya nini, na wote waliosali walijipa sifa kidogo. Kaka yangu alisimama kanisani kwake akatoa ushuhuda. Sikumkataza, ingawa nilimuuliza kama kwenye ushuhuda wake alitaja msumeno.

Mguu ulitangulia nyumbani. Muuguzi alituletea umefungwa na kutiwa kwenye boksi. Kaka yangu alikuwa ameazima gari la rafiki yake, na mimi nikakaa na boksi mapajani. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nilikuwa natazama saa kila mara. Sheria yetu ya saa moja ni ya maiti, hakuna mahali panaposema chochote kuhusu mguu wa mtu aliye hai, lakini niliona ni heri tuwahi.

"Na ukizidi saa moja itakuwaje?" kaka akauliza.

"Endesha gari."

Tulipofika Keumbu kulikuwa na msongamano wa soko, ndizi zimemwagwa hadi barabarani, na nilijikuta nimetoa kichwa dirishani nawapigia watu kelele watupishe. Hakuna aliyejua nimebeba nini.

Nyumbani nilitandika kitambaa cheupe cha pamba, nikauzungushia bila kuufungua. Mikono ilinishinda kuufungua. Kaka alichimba shimo fupi kando ya kaburi la Tata, chini ya migomba. Jirani akaja mbio, ameona udongo unachimbwa. "Nani amekufa?" Tukamwambia hakuna. Akavua kitambaa cha kichwa kwa heshima, akakivaa tena, hajui afanye nini. Hata sisi hatukujua. Sala ya maiti ni ya mtu aliyekufa, na mwenye mguu alikuwa hospitalini anaagiza uji. Kaka aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwao, kwa sauti ndogo, kisha tukafukia.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo na mimi nikatulia. Sikutulia. Mama alirudi, akawa anakaa barazani na kisiki chake kimefungwa vizuri, anaamrisha kila mtu, na juma halikupita kabla hajaanza kuniita. Kidole gumba kinamwasha. Kidole gumba cha mguu ambao haupo.

Hili nalijua, nikasema. Nikavuta kiti. Nikamweleza kwamba mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inatuma habari, na ubongo bado una picha ya mguu mzima, ubongo haujaambiwa. Nilieleza vizuri, hata darasani sielezi hivyo.

"Basi uambie," Mama akasema.

Kliniki walimpa dawa, zikapunguza kidogo. Mchana uliwasha, jioni uliuma. Alisema vidole vimejikunja, vimebanwa, kwamba tulivyouweka mle shimoni tuliuweka vibaya. Mimi ambaye sikuufungua, ningesema nini? Na kilichonichoma ni kwamba miguu yote miwili ilikuwa haisikii kitu kwa miaka. Kijiwe kimemtoboa akiwa nao hakusikia. Sasa umekwenda, ndiyo anausikia. Huyo aliyepanga hivi, nilijiuliza, alikuwa na maana gani? Kwenye mafunzo yetu tunawaambia watoto kwamba mwili ukikatwa kiungo, roho haipungui kitu. Mimi mwenyewe nimewafundisha hilo, nikitumia mfano wa mkono. Nilidhani ni habari ya kufariji.

Ikafika Jumamosi moja, jua la saa saba. Nilikuwa naosha vyombo nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikatoka. Mama alikuwa ameshika hewa, pale mguu ungekuwa, kwa mikono miwili, na alikuwa analia. Huyu ni mtu ambaye hakulia Tata alipokufa, hakulia walipomkata.

"Mwanangu," akasema, "sayansi yako nimeielewa yote. Lakini inawasha."

Nilisimama pale na mikono inadondosha sabuni. Sikuwa na kitu. Mishipa nilishaeleza, dawa alishakunywa, sala sikuwa nasoma. Hasira zikanipanda, sijui za nani. Nikaingia stoo nikachukua jembe.

Nikaenda pale migombani, kwenye kile kituta kidogo kando ya Tata. Sikuchimba. Niligeuza jembe, nikashika karibu na chuma, nikaanza kukwaruza udongo kwa ncha ya mpini, polepole, vile mtu anavyomkuna mwingine mgongo. Nilijiona mjinga kupindukia. Mwalimu wa biolojia, shahada ukutani, anakuna shamba.

Barazani kilio kikakoma. Kisha nikasikia, "Hapo."

Nikaendelea. Sikujua lini mdomo ulianza. Nilisikia tu kwamba jembe lina mwendo, na mwendo huo nilikuwa naujua, na kwamba nilikuwa nakitamka kile kiitikio, kinachorudi na kurudi, bila kitabu, kwa sauti mbovu iliyojaa kamasi. Sikuwa nimesamehe chochote. Tata alikuwa pale pale hatua moja kutoka kwangu, na maneno yake yote ambayo hakuyasema. Lakini kutoka barazani Mama alikuwa ameanza kuniitikia.

Jirani alipita njiani na wenzake, wanatoka kanisani, nguo zao za Sabato zimenyooka, Biblia kwapani. Wakasimama. Waliniona mimi nakuna kaburi kwa jembe huku nasali, na mama yangu barazani amefumba macho, uso umelainika, anaitikia. Jirani ndiye aliyeweka mkoba wake chini, akaja akapiga magoti kando yangu na sketi yake nyeupe, akaanza kukuna upande wa pili kwa vidole.

"Juu kidogo," Mama akaita.

Tukasogea juu kidogo.